Yai Bichi Halifiki Kwenye Nyuzi za Sauti

Swali ni lile lile, na huulizwa mlangoni pa chumba cha mazoezi ya kwaya, kabla mtu hajaweka chini mkoba wa kompyuta: "Mwalimu, ninywe nini sauti ilainike?" Anayeuliza ni mhasibu, ofisa wa benki, mwanafunzi wa chuo, watu walioketi mbele ya kioo cha kompyuta tangu saa mbili asubuhi na sasa, saa kumi na mbili jioni, wanataka kuimba. Wanaupenda muziki kwelikweli. Asiyeupenda asingevumilia foleni ya Dar es Salaam ili aje asimame saa mbili nzima kwenye safu ya tena. Ndiyo maana swali hili linanikera: linayapeleka mapenzi hayo jikoni, mahali ambapo sauti haipo.

Majibu wanakuja nayo wenyewe. Yai bichi la kuku wa kienyeji, limezwe alfajiri kabla ya chai. Asali na limau. Karafuu mdomoni. Tangawizi mbichi, itafunwe dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Nimeyasikia haya kwa wanakwaya, kwa waimbaji wa taarab na kwa vijana wa bongo fleva, na wote wanaapa kwamba yai "linapaka mafuta" nyuzi za sauti.

Weka vidole viwili juu ya kikoromeo, kisha meza mate. Kimepanda? Rudia taratibu. Kinapopanda hivyo, kifuniko kilichoko nyuma ya ulimi kinalala juu ya njia ya hewa, na nyuzi za sauti zenyewe zinabana kabisa, ili kila unachomeza kipite nyuma, kwenye umio, kiende tumboni. Nyuzi zimo ndani ya njia ya hewa. Chakula hakipiti huko. Kikipita, hata kama ni tone la maji tu, unapaliwa na kukohoa mpaka machozi yanatoka. Kwa hiyo yai lingezifikia nyuzi zako kweli, usingeimba jioni ile. Ungekuwa unapigania pumzi. Usipopaliwa, basi halikuzigusa. Hakuna njia ya tatu.

"Lakini mwalimu, mimi nasikia nafuu." Naamini. Asali inatuliza koo, ile sehemu ya juu ambako tonge linapita, na kikohozi kikitulia mtu anaimba kwa raha. Kumezameza kunaleta mate. Hofu nayo inapungua mtu akiwa na dawa yake mfukoni. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni tangawizi ya kabla ya kuimba. Ule moto wake unaficha maumivu: nyuzi zimechoka na kuvimba, zinataka kupumzishwa, mwenyewe hasikii kitu, basi anasukuma sauti kwa nguvu hadi wimbo wa mwisho. Kesho yake anaongea kwa kukwaruza. Na yai bichi lina hatari yake, bakteria wa salmonela, wanaomlaza mtu na homa na kuharisha siku ile ile ya onyesho.

Kisha naletewa Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Mbona alivuta sigara na akaimba hadi uzeeni? Aliimba, ndiyo, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na alifariki Aprili 2013 akiwa mzee sana. Lakini tazameni alichokuwa anakifanya na mwili wake miaka yote hiyo. Alipiga ngoma, alifundisha unyago, aliimba akiwa msichana, akiwa mtu mzima na akiwa bibi kizee, bila kuiacha sauti ilale. Kuchukua sigara katika maisha yote hayo na kuifanya ndiyo siri ni kumdhulumu.

Kinachoharibu sauti ya mtu wa ofisini ni ile siku yenyewe. Kidevu kimesogea mbele kukifuata kioo, mabega yamepanda, tumbo limekunjwa, pumzi inaishia juu kifuani. Kiyoyozi kinakausha hewa anayoivuta. Saa zote hizo ameongea maneno machache, tena kwa sauti ya chini. Halafu anafika mazoezini amechelewa na noti yake ya kwanza ni ya juu kabisa. Kwenye noti ya la, ile ya kulinganishia ala, nyuzi hugongana mara 440 kila sekunde. Ni mikunjo midogo ya misuli, imefunikwa utando laini ambao lazima uwe na unyevu, na anaikurupua hivyo bila kuiamsha.

Basi fanya hivi. Zima kompyuta, usiiweke tu ilale. Simama, legeza taya na mabega, vuta pumzi mpaka mbavu za chini zitanuke. Tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, ukipanda na kushuka. Au weka mrija kwenye glasi yenye maji kidogo, uimbie humo mapovu yatoke. Dakika tano zinatosha. Maji kunywa mchana kutwa, maana yanapitia kwenye damu kwanza, na glasi moja ya mlangoni haisaidii usiku ule. Koo likikauka, vuta mvuke wa maji ya moto, bila kuusogeza uso karibu sana. Mvuke unavutwa pamoja na hewa, huo unafika. Usikohoe kusafisha koo, meza mate. Sauti ikichoka nyamaza kabisa, kunong'ona nako kunaichosha. Mwenye kiungulia asile na kwenda kulala hapo hapo. Asidi ikipanda usiku inaunguza nyuzi. Ukikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kama unavuta sigara, nenda mapema zaidi.