Mgonjwa Asiyetafutwa: Maradhi ya Mapafu katika Majiko ya Meru na Embu

Sisi watu wa pwani twaijua Meru kwa miraa ya Nyambene, na Embu kwa chai yake. Majiko yao wachache wetu huyajua. Ukipanda kutoka Embu alfajiri, ukapita Runyenjes na Chuka hadi kufika Meru, utaona moshi ukipenya kwenye mabati ya vijumba vilivyojengwa kando ya nyumba kubwa. Baridi ya Julai ikishuka kutoka Mlima Kenya, mlango hufungwa. Ndani ya moshi huo yumo mama na mafiga yake matatu, na aghalabu mtoto yuko mgongoni.

Mwaka uliopita tulialikwa arusini kwa jamaa zetu wa huko. Mwenyeji wetu, mwanamke wa makamo asiyepata kuvuta sigara maishani mwake, hakuweza kumaliza rakaa nne kwa kusimama. Alitutolea mfuko uliojaa karatasi za matibabu. Mara tatu katika mwaka mmoja alikimbizwa usiku kwenye kituo cha afya, akavutishwa mvuke wa dawa, akapata nafuu, akarejeshwa nyumbani na vidonge vya siku chache. Makohozi yake yalipimwa mara mbili. Alipoambiwa hana kifua kikuu alimshukuru Mola, na habari yake ikakomea hapo. Hapana aliyempima nguvu ya pumzi, wala aliyempangia siku ya kurudi.

Jambo hili lilitushughulisha sana njiani tukirudi. Lau angalikuwa na kifua kikuu, angalitafutwa. Mgonjwa wa kifua kikuu nchini Kenya hupewa dawa bure katika hospitali za serikali, jina lake huandikwa daftarini, na asipotokea huulizwa. Mwenye pumu, au mwenye ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, hutibiwa siku anayokabwa tu. Akiweza kupumua, husahauliwa. Hata baadhi ya waliopona kifua kikuu hubaki na mapafu yenye makovu, nao huingia katika kundi hili la wasiotafutwa.

Si maradhi madogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu sugu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba katika wanaofariki kabla ya miaka 70, karibu 9 kati ya 10 ni wa nchi maskini na za kipato cha kati. Moshi wa majumbani peke yake, kwa maradhi yake yote, ulihesabiwa vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Watu husema, basi tubadilishe majiko. Ni kweli, gesi ni bora kuliko kuni kwa aiwezaye. Lakini utafiti mkubwa wa Malawi uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu watoto zaidi ya 10,000, haukuona kwamba majiko bora ya kuni yalipunguza homa ya mapafu kwa watoto. Kwa mama ambaye mapafu yake yamekwisha kudhurika, jiko jipya halitoshi. Ahitaji dawa ya kila siku.

Na hapa ndipo penye kosa la kawaida. Inhela ya kutuliza, ile ya buluu, hufungua njia za hewa kwa saa chache. Haiponyi uvimbe uliomo ndani. Mwenye pumu ahitaji pia inhela ya kuzuia, avute kila siku hata akijiona mzima, kisha asukutue kinywa kwa maji. Wengi huiacha wakipata nafuu, au huikosa katika zahanati iliyo karibu, wakarudia vidonge vya salbutamoli vinavyotetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio.

Kwa mtoto asiyeweza kuvuta vyema, chupa ya plastiki ya nusu lita yatosha. Hutobolewa kitakoni tundu la kukaa mdomo wa inhela, kisha mtoto hupumua taratibu mara tano au sita kwa mdomo wa chupa. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo yafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya kupimia shinikizo la damu na sukari. Wafikao mlangoni kwa ajili ya sukari, waweza pia kuuliza juu ya kikohozi kisichokwisha.

Mwenyeji wetu alikuwa na suala jingine, la Ramadhani. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu inhela mchana wa saumu, na kila mtu na amuulize shekhe wake mapema. Dawa ya kuzuia ya mara mbili kwa siku, hata hivyo, yaweza kuvutwa wakati wa daku na baada ya futari. Akikabwa mchana, asingoje magharibi. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Juzi alitupigia simu. Alikwenda hospitali siku ambayo hakuwa akikohoa, akashangaza watu kwenye foleni, akapimwa pumzi na kuandikiwa tarehe ya kurudi. Ameibandika ukutani, kando ya ratiba ya sala.