Kuoga Msitu au Kupunga Hewa Msituni?

Istilahi ya kigeni hutufikia ikiwa na mambo mawili: neno na maana. Mfasiri akilishika neno akaiacha maana, msomaji hupotea. Mfano mmoja ni ule utaratibu wa kuwatembeza watu polepole msituni, chini ya kiongozi, ili wasikilize, wanuse na kutuliza moyo.

Utaratibu huo ulipewa jina na Idara ya Misitu ya Japani mwaka 1982: shinrin-yoku. Shinrin ni msitu. Yoku ni kuoga. Kiingereza na Kijerumani vimefasiri neno kwa neno, na mfasiri wa Kiswahili naye huvutwa kuandika "kuoga msitu".

Hebu tuipime tafsiri hiyo huko Chiwanda, kata iliyo kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga na tangu 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa. Mwenyeji wa huko akiulizwa mahali pa kuoga, aghalabu ataonyesha ziwani. Tuseme ofisa anaiandikia serikali ya kijiji kwamba wageni watakuja "kuoga msituni". Wazee watauliza ziwa lina kasoro gani. Wengine watadhani wageni wanakwenda kuogeshwa dawa. Wanaolinda vyanzo vya maji watahofia vijito, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zenye kuvidhuru ndani ya mita 60. Hivyo barua ya kuombea matembezi yasiyo na madhara huenda ikanyimwa kibali kwa sababu ya kitenzi kimoja tu.

Wajapani hawakukosea. Katika lugha yao yoku hutumika hata kwa jua: nikkoyoku. Sisi hatuogi jua. Tunaota jua, kama tunavyoota moto. Wala hatuogi hewa. Tunapunga hewa, au tunapunga upepo. Lakini hapa pana tahadhari: herufi moja ikiponyoka, "kupunga upepo" huwa "kupunga pepo", na wageni watapokewa kwa ngoma za uganga.

Kwa hiyo tunapendekeza kitendo chenyewe kiitwe kupunga hewa msituni. Ziara iliyopangwa iitwe matembezi ya utulivu. Na anayeiongoza, mwongoza matembezi. Ile hali ya kuyaelekeza mawazo kwenye kilichopo sasa iitwe uzingativu, kutokana na kuzingatia. Mzizi wake, zinga, ndio uliotupa pia neno mazingira. Hivyo maneno hayo mawili yatakaa pamoja bila kugombana.

Haya ni mapendekezo tu, wala si amri. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayasome kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua neno la Kijapani, kisha wamwulize ameelewa nini. Akijibu kwa kutafuta sabuni na taulo, hapana budi tuanze upya.