Je, Wajua? Nzi wa Ndizi Mbivu na Kromosomu Zilizopinduka

Yule nzi mdogo anayezuka jikoni ndizi zikiiva kupita kiasi, unamfahamu? Simsemi yule mkubwa anayetoboa maembe ya wakulima. Huyu wetu wa leo ana urefu wa milimita 2 hadi 3, macho mekundu, na jozi 4 tu za kromosomu. Wewe una jozi 23! Sogea karibu, maana ndani ya hizo jozi 4 mmeandikwa habari za joto na baridi.

Chukua uzi wa shanga. Ukate mahali pawili, kigeuze kipande cha katikati kichwa kiwe mkia, kisha kifunge palepale. Hakuna ushanga uliopotea wala ulioongezeka, ila mpangilio umegeuka. Kromosomu nayo hupatwa na jambo hilohilo, na kipande hicho tukiite mpinduko.

Je, wajua kwamba ramani ya kwanza ya jeni duniani ilichorwa kwa usiku mmoja na kijana wa miaka 19? Alikuwa Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1911, na kazi za darasani usiku ule aliziacha kando! Miaka 10 baadaye, 1921, ni yeye aliyeonyesha kuwa aina mbili za nzi zina jeni zilezile, ila kipande kimoja kimepangwa kinyumenyume.

Na sisi tumo. Kati ya kromosomu zako na za sokwe mtu kuna mipinduko mikubwa 9.

Sasa sikiliza siri yenyewe. Nzi jike anapotengeneza yai, kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande, kama mtu anayechanganya karata. Moja ikiwa imepinduka na mwenzake haijapinduka, kuchanganya kunakwama hapo. Basi jeni zote zilizomo ndani ya mpinduko husafiri pamoja, kizazi hata kizazi. Ukikusanya humo jeni kadhaa zinazofaa mahali pa joto, hazitawanyiki tena!

Na dume je? Ajabu: nzi dume wa aina hii habadilishani vipande kabisa, hata kimoja. Thomas Hunt Morgan aliligundua hilo mwaka 1912. Karata zote huchanganywa na jike peke yake.

Utauliza, kubadilishana kukikosewa ndani ya mpinduko, mayai hayaharibiki? Hayaharibiki! Kromosomu zilizovurugika huachwa katika viseli vya pembeni vinavyotupwa, na yai hupokea iliyo nzima. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara linanishangaza upya.

Ungependa kuuona mpinduko kwa macho yako? Mchukue funza wa nzi huyu akiwa amenenepa, wakati anapanda ukuta wa chupa na hali tena. Mshike kwa sindano mbili na umvute kichwa taratibu. Tezi zake mbili za mate zitatoka, zinang'aa kama vipande vya kioo. Tia tone la rangi, funika kwa kioo chembamba, bonyeza kwa kidole gumba, kisha chungulia kwenye hadubini. Utaona kromosomu nene zenye milia kama kikoi! Ni nene hivyo kwa sababu zimejinakili tena na tena hadi nyuzi zaidi ya 1,000 zikalala ubavu kwa ubavu.

Theophilus Painter wa Texas ndiye aliyewaonyesha wenzake mwaka 1933 kuwa milia hiyo inasomeka kama ramani. Na pale kromosomu iliyopinduka inapolala na isiyopinduka, utepe hujikunja ukafanya kitanzi, maana kila mlia unamtafuta pacha wake. Kitanzi cha duara, wazi kabisa, ndani ya tezi ya mate ya funza! Niambie kama umewahi kusikia kitu kizuri kuliko hicho.

Je, wajua kuwa mipinduko hupanda na kushuka kwa majira, kama bei ya nyanya sokoni? Theodosius Dobzhansky alitega nzi wa porini, jamaa wa huyu wa ndizi, katika mlima San Jacinto, California, mwezi baada ya mwezi. Kuanzia Machi hadi Juni mpangilio uitwao Standard ulipungua na ule wa Chiricahua ukaongezeka. Joto la kiangazi lilipokolea, Standard ukapanda tena. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo! Watu walizoea kudhani mageuzi ya viumbe yanahitaji maelfu ya miaka, kumbe hapa miezi michache ilitosha.

Akawaingiza kwenye vizimba vya maabara. Kwa nyuzijoto 25, Standard ulipanda hadi karibu asilimia 70 ukatulia hapo. Kwa nyuzijoto 16.5, hakuna kilichobadilika. Nzi ni walewale, tofauti ni joto tu!

Hili nalo litakugusa: nzi wa ndizi ni Mwafrika. Asili yake ni kusini mwa bara letu, pande za Zambia na Zimbabwe, na mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini akipenda mno matunda ya mng'ongo, mti uleule unaoota Tanzania na Kenya. Kutoka huko akafuatana na binadamu hadi akaenea dunia nzima. Milimani Ethiopia, kwenye karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, utamkuta ni mkubwa zaidi na mweusi zaidi kuliko ndugu zake wa mabondeni.

Huko alikofika alibeba mipinduko yake. Mmoja uitwao Payne umegeuza herufi za DNA zaidi ya milioni 8 kwa mpigo! Shuka pwani ya mashariki ya Australia: kaskazini kwenye joto la Queensland umejaa tele, kisha unapungua, unapungua, hadi Tasmania kwenye baridi hauonekani kwa urahisi. Vuka bahari uende Marekani: Florida karibu nusu ya kromosomu zinao, Maine karibu hakuna. Mabara mawili, ngazi moja!

Shika kiti. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walilinganisha nzi wa pwani hiyo na wale wa miaka 20 kabla. Jeni inayowasaidia kuvunja pombe ya matunda yaliyochacha ilikuwa imesogea kama digrii 4 za latitudo, yaani zaidi ya kilomita 400. Nzi wa kusini sasa walifanana na wale wa kaskazini kwenye joto, na mpinduko nao ulionyesha msogeo kama huo.

Mbu wa malaria naye ana mipinduko. Mwaka 1979 Mwitaliano Mario Coluzzi na wenzake walieleza habari za Nigeria: mpangilio mmoja unatawala kwenye savana kavu, mwingine kwenye misitu yenye unyevu. Hata katika kijiji kimoja, mbu wenye mpangilio wa nchi kavu walipatikana zaidi ndani ya nyumba, ambamo hewa ya usiku ni kavu kuliko nje. Ukuta mmoja wa udongo tu, na kromosomu zimeshatofautiana!

Nimemwacha mwisho ninayempenda kuliko wote. Anaitwa Drosophila subobscura, nzi wa Ulaya ambaye gizani hapandani kabisa. Lazima amwone mwenzake. Mwaka 1978 alikutwa Puerto Montt, Chile. Mwaka 1982 akakutwa jimbo la Washington, Marekani. Akaenea upesi, na mipinduko yake ikajipanga upya kwa latitudo, ya joto upande wa ikweta na ya baridi upande wa ncha, kama kule Ulaya alikotoka. Mabawa nayo yakafuata: ndani ya miaka 20 hivi, nzi wa Amerika Kaskazini walioko kwenye baridi walikuwa na mabawa makubwa kuliko wa kwenye joto.

Mwaka 2011 wimbi la joto lilipiga Ulaya Magharibi wakati wa majira ya kuchipua. Kaskazini-magharibi mwa Hispania, mipinduko ya nzi hawa ikaruka hadi viwango vya kiangazi, na kiangazi chenyewe hakijafika bado!

Na sasa hii, uibebe nyumbani. Mwaka 2006 wanasayansi walitoa hesabu ya maeneo 26 katika mabara matatu: Ulaya, Amerika Kaskazini na Amerika Kusini. Walikuwa wamerudi kupima kromosomu za nzi huyu baada ya wastani wa miaka 24 hivi. Maeneo 22 yalikuwa yamepata joto zaidi. Kati ya hayo 22, mipinduko ya nchi za joto ilikuwa imeongezeka katika 21.