Mashimo Meusi Yaliyokomaa Utotoni

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Kimarekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wake, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu, kuitazama mbingu kwa miali ya eksirei.

Miali hiyo haipenyi angahewa, jambo ambalo ni heri kwetu, lakini anayetaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Hutoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na mojawapo ya sehemu zenye joto la namna hiyo ni ukingoni mwa shimo jeusi, mahali ambapo uvutano una nguvu hata mwanga ukiingia hautoki tena. Shimo lenyewe halionekani. Kinachoonekana ni gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa, ikisuguana na kuwaka. Katika kundinyota la Cygnus, Uhuru iliona chanzo kimoja kikipepesa mara kadhaa kwa sekunde, na kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo sana kwa umbo. Ndicho Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wataalamu walio wengi. Uzito wake ni kama wa majua 21.

Hicho ni kitoto. Katikati ya galaksi yetu limekaa shimo la majua milioni 4. Lile la galaksi ya M87, ambalo picha yake ilizunguka dunia nzima Aprili 2019, ni la majua bilioni 6.5. Ukubwa huo hausumbui sana, maana yamekuwa na mabilioni ya miaka ya kula. Kinachosumbua ni majitu mengine, ya mbali zaidi, ambayo hayakupata muda huo.

Januari 2021, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Feige Wang wa Chuo Kikuu cha Arizona kilitangaza kwasa iitwayo J0313-1806. Kwasa ni kiini cha galaksi kinachong'aa kuzishinda nyota zake zote kwa kuwa shimo lililomo ndani liko mezani, linakula. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 13 kutufikia, hivyo tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 670 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Ukiufanya ulimwengu, wenye miaka bilioni 13.8, kuwa bibi wa miaka 69, basi wakati ule alikuwa mtoto wa miaka mitatu na ushei. Na shimo la kwasa hiyo lilikwisha kufikia majua bilioni 1.6.

Hapo hesabu inagoma. Mwingereza Arthur Eddington alionyesha karne iliyopita kwamba msukumo wa mwanga unaweza kushindana na uvutano. Shimo likila kwa pupa, gesi inayoingia huwaka mno hadi mwanga wake huirudisha nyuma gesi inayofuata. Mlafi anajipalia mwenyewe. Kwa kasi ya juu inayoruhusiwa na kanuni hiyo, yaani kikomo cha Eddington, shimo huchukua miaka milioni 30 hadi 40 kuongeza uzito wake mara mbili. Tuseme lilianza na majua 100, masalia ya nyota mojawapo ya zile za kwanza kabisa. Kufika bilioni 1.6 linahitaji kujizidisha maradufu mara 24. Hata tukilikirimia kwa kuhesabu milioni 30 kila mara, jumla ni miaka milioni 720, bila kupumzika wala kukosa chakula hata siku moja. Umri wa ulimwengu wenyewe ulikuwa milioni 670.

Njia moja ya kutoka ni kudhani kwamba mashimo hayo hayakuanzia kwenye nyota. Ulimwengu mchanga ulikuwa na haidrojeni na heliamu, na si mengi zaidi. Kwa kawaida wingu la gesi hiyo hupozwa na molekuli za haidrojeni, likishapoa hukatika vipandevipande, na kila kipande huwa nyota. Lakini wingu likiwa jirani na galaksi inayomwaga miali ya urujuanimno, molekuli zile huvunjwa. Wingu linabaki na joto la maelfu ya nyuzi, halikatiki, na mwishowe linaweza kuporomoka zima zima na kuzaa shimo la majua 10,000 hadi 100,000. Ukianzia 100,000, mara 14 zinatosha, yaani miaka milioni 420. Muda unatosha, na chenji inabaki.

Ilikuwa nadharia nzuri isiyo na shahidi. Mwaka 2017 Priyamvada Natarajan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walieleza alama ya kutafuta: galaksi changa ambayo shimo lake lina uzito unaokaribia wa nyota zake zote kwa pamoja. Katika galaksi za leo zilizo jirani nasi, shimo ni kama sehemu moja ya elfu.

Novemba 2023 galaksi ya namna hiyo ikatangazwa. Inaitwa UHZ1, na tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 470 baada ya Mlipuko Mkuu. Darubini ya James Webb iliipata nyuma ya kundi la galaksi liitwalo Abell 2744, ambalo uvutano wake ulifanya kazi ya lenzi na kuukuza mwanga wake kama mara nne. Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa mwaka 1999, ikaielekea kwa zaidi ya wiki mbili na kunasa miali ya shimo linalokula: majua kati ya milioni 10 na milioni 100. Chandra ina nasaba na Malindi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa Uhuru na mshindi wa Nobeli ya 2002, ndiye aliyependekeza ijengwe, pamoja na Harvey Tananbaum, mwaka 1976.

UHZ1 haijafunga mjadala. Mwaka 2024 ilitangazwa galaksi ya LID-568, ambayo shimo lake linaonekana kula mara 40 ya kikomo cha Eddington, na kama ulafi wa aina hiyo ulikuwa wa kawaida, hata mbegu ndogo ingeweza kufika. Wapo pia wanaoamini kwamba baadhi ya mashimo ya mbali yamepimwa uzito kupita kiasi, kwa sababu gesi nzito inayoyafunika huupotosha mwanga.

Shahidi mwingine hatategemea mwanga. Shirika la Anga la Ulaya limepitisha mradi wa LISA, vyombo vitatu vitakavyoelea vikiwa vimetengana kilomita milioni 2.5, ili vihisi mawimbi ya uvutano yanayotoka pale mashimo mawili yanapogongana na kuungana. Urushaji umepangwa katikati ya miaka ya 2030. Yakisikika mawimbi ya mashimo ya majua elfu chache yakiungana katika zama zile, mbegu ndogo zitarudi mchezoni.