Elimu ya Bure Isiishie Saa Sita Mchana

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imeyaweka mambo mawili bega kwa bega. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Na mara tu baada ya haki hiyo kinataja haki ya lishe ya msingi, makao na huduma za afya. Walioiandika Katiba hawakuona sababu ya kukitenga kichwa cha mtoto na tumbo lake. Bajeti ya serikali ndiyo inayovitenga, mwaka nenda mwaka rudi, na hasara yake hudhihirika kengele ya chamcha inapolia.

Tuchukue mfano wa shule za upili za kutwa. Serikali huahidi kulipia masomo, lakini chamcha na sare huachiwa mzazi. Matokeo yake ni kinaya: mwanafunzi anayeambiwa kuwa anasoma bure hurudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za chakula. Siku hiyo mwalimu yumo darasani na mshahara wake hulipwa na umma. Vitabu vimenunuliwa, na mwanga wa umeme unawaka. Asiyekuwepo ni yule ambaye yote hayo yaliandaliwa kwa ajili yake. Shilingi inayookolewa jikoni hupotea darasani.

Si kwamba taifa hili halikuwahi kulifahamu jambo hili. Mwaka wa 1979, Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa maziwa kwa watoto wa shule za msingi, na hadi leo watu wazima wengi huyakumbuka Maziwa ya Nyayo kuliko wanavyokumbuka masomo ya siku hizo. Mpango huo ulififia katika miaka ya 1990. Mwaka wa 1980, Shirika la Chakula Duniani nalo lilianza kushirikiana na serikali kuwalisha wanafunzi, hasa katika maeneo kame. Mwaka wa 2009 ukaanzishwa mpango wa kununua chakula kwa wakulima wa humu nchini, na kufikia 2018 jukumu lote likawa limekabidhiwa serikali. Mgeni alipika kwa miaka 38, kisha akamwachia mwenyeji mwiko. Swali ni iwapo mwenyeji ameweka kitu chunguni.

Tutazame hesabu. Elimu ya msingi bila malipo iliporejeshwa mwaka wa 2003, kila mwanafunzi alitengewa Sh1,020 kwa mwaka, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi Sh1,420. Ukikigawanya kwa siku 190 hivi za masomo, utapata shilingi 7 na senti kadhaa kwa siku. Hizo hazifikii hata bei ya andazi moja, na wala hazikukusudiwa chakula; ni za chaki, ukarabati na mahitaji mengine ya shule. Kwa shule za upili za kutwa, kiwango kilichotangazwa mwaka wa 2018 ni Sh22,244 kwa mwanafunzi. Hata hivyo, mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaeleza wabunge kwamba pesa zilizopo zinatosha takriban Sh16,900 tu. Pengo hilo ni Sh5,344. Katika shule yenye wanafunzi 400, ni zaidi ya Sh2 milioni zisizofika kwa mwaka mmoja.

Hata hizo chache zina ugonjwa wa kuchelewa. Kwa utaratibu, shule hupokea asilimia 50 ya mgao katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na asilimia 20 katika wa tatu. Lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, ilhali mwaka wa masomo huanza Januari. Nusu ya mgao hudaiwa serikali ikiwa katikati ya safari yake ya matumizi. Zikichelewa, mwalimu mkuu hukopa mahindi na maharagwe kwa mfanyabiashara, naye anayekopesha hujilipia subira yake kwa kuongeza bei. Hivyo kuchelewa kwa Hazina ya Kitaifa hugeuka kuwa upungufu kwenye sahani ya mtoto.

Wapo watakaouliza pesa zitatoka wapi. Swali hilo ni la haki, na anayelipuuza hajawahi kupanga matumizi ya nyumba. Lakini si lazima tuchague kati ya kutoa kila kitu na kutotoa chochote. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka wa 2023 humtoza mwanafunzi Sh5 kwa mlo, nayo gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Mzazi anachangia, mtoto anakula, na hakuna anayefukuzwa kwa deni la githeri.

Yapo mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, chakula cha shule kiwe na fungu lake katika bajeti, lenye jina na kiasi, lisilochotwa kila mahali pengine panapopungukiwa. Pili, pesa za chakula zitolewe kwa kufuata kalenda ya mkulima. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Shule inayonunua wakati huo hupata gunia kwa nafuu, kuliko ile inayosubiri hadi katikati ya mwaka ghala zinapokuwa tupu. Tatu, kila shule ibandike ubaoni kiasi ilichoahidiwa, kiasi ilichopokea na tarehe kilipofika. Ubao huo utamlinda mwalimu mkuu mwaminifu dhidi ya shutuma za wazazi, utamfichua asiye mwaminifu, na utawapa wanafunzi wa Hisabati hesabu halisi ya kupiga.

Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wanaoandika bajeti hula chamcha kila siku, na hatuwalaumu kwa hilo. Lakini mwalimu anayeingia darasani saa nane mchana humjua mwenye njaa kwa macho yake: ni yule anayelaza kichwa juu ya dawati, ambaye swali humpita kama upepo. Walimu wapeleke ushahidi huo kwa bodi za shule na kwa wabunge wao, kila bajeti inapoandaliwa. Haki ambazo Katiba imeziweka pamoja hazistahili kutenganishwa na kengele ya saa sita.