Mkopo, Mizigo na Reli: Biashara ya Maduka ya Bara katika Zama za Allidina Visram

Biashara ya maduka madogo ya bara, ambayo leo ni jambo la kawaida katika kila mji wa Afrika Mashariki, ilijengwa kati ya miaka ya 1860 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia juu ya msingi ambao mteja hakuuona, yaani bidhaa za mkopo zilizotoka kwa tajiri wa pwani hadi kwa mwuzaji wa mwisho bila fedha taslimu kulipwa papo hapo. Maisha ya Allidina Visram, aliyezaliwa Kera katika jimbo la Kutch huko India mwaka 1851 na kufika Afrika akiwa na miaka 12, yanaonyesha jinsi mfumo huo ulivyokua, kwani alianza kazi katika enzi ya misafara ya wapagazi, akastawi katika enzi ya reli, na akafariki mwaka 1916 wakati ambapo vita vilikuwa vimezivuruga njia zote mbili.

Shule yake ya kwanza ya biashara ilikuwa Bagamoyo, katika nyumba ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyeandaa misafara ya wasafiri na wachuuzi kwa kuwapatia wapagazi, nguo za merikani na kaniki, shanga na waya. Bidhaa hizo zilitolewa kwa utaratibu wa mali kauli, yaani mali inayochukuliwa kwa ahadi ya maneno, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu zilizopimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Kwa kuwa msafara wa kwenda Ujiji na kurudi ungeweza kumaliza mwaka mzima au zaidi, na kwa kuwa njiani kulikuwa na hongo, ambayo ni ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala, pamoja na maradhi na utoro, aliyekopesha alilazimika kudai faida kubwa ili hasara ya msafara mmoja ifidiwe na mwingine. Inafaa kukumbukwa kwamba vitabu vingi huiita biashara hii ya matajiri wa pwani, ilhali mtaji wake halisi uliotembea ulikuwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba mzigo wa karibu kilo 30 kila mmoja.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram alishika sehemu kubwa ya shughuli za misafara, lakini uamuzi uliomtofautisha na wenzake ulikuwa kuitazama reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Badala ya kusubiri ikamilike, alifungua maduka kando ya njia yake na kuwauzia vyakula wafanyakazi waliotoka India, na tayari mwaka 1898 alikuwa na duka Kampala, miaka mitatu kabla ya reli kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3, hivyo mkulima aliyekuwa akitumia kauri akajikuta anahitaji sarafu, na mtu wa karibu wa kununua mazao yake alikuwa mwenye duka. Kutokana na hali hiyo, duka likawa mahali pa kuuza na pa kununua kwa wakati mmoja, na faida yake ikaingizwa katika mashamba, viwanda vya kuchambua pamba na vyombo vya usafiri katika Ziwa Viktoria.

Duka lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati chenye meza ya mbao mbele, ambapo nguo zilipimwa kwa mkono, mikono minane ikiwa doti moja, na chumvi ikachotwa kwa kopo, huku madeni ya wateja yakiandikwa katika daftari la Kigujarati. Kijana aliyeletwa kutoka Kutch alihudumu kwanza kama karani, na alipoaminika alipewa shehena ya kuanzia kwa mkopo wa tajiri yuleyule na kutumwa mbele zaidi, mahali ambapo hakukuwa na duka. Wake na watoto walikaa dukani bila mshahara, jambo ambalo hesabu za kampuni hazilionyeshi ingawa huenda ndilo lililowezesha bei kuwa ndogo.

Katika mazingira ambapo mahakama zilikuwa mbali, jina jema lilikuwa dhamana, na kwa sababu hiyo utoaji kwa jamii haupaswi kutengwa na hesabu za biashara, hata pale ambapo imani ya dini ilikuwa msukumo wa kweli. Sewa Haji alitoa mali kwa ajili ya shule huko Bagamoyo na hospitali huko Dar es Salaam, na jina lake lingali katika wodi za Muhimbili. Visram naye alichangia shughuli za jamii yake ya Waismailia na za watu wa dini nyingine, na shule ya Mombasa inayobeba jina lake ilifunguliwa mwaka 1923 kwa fedha za mwanawe, Abdulrasul.

Udhaifu wa muundo huu ulidhihirika baada ya mwasisi kufariki. Madeni yaliyotawanyika katika matawi mengi yalikuwa yakidaiwa kwa nguvu ya kufahamiana naye, na mrithi hakuweza kuurithi uhusiano huo pamoja na majengo, hasa katika miaka ya vita na ya kuyumba kwa fedha iliyofuata. Abdulrasul mwenyewe alifariki mwaka 1923, na kampuni haikurudia tena ukubwa wake. Biashara ya maduka haikusinyaa pamoja nayo, kwani wengi wa makarani wa zamani walikwisha kuwa na maduka yao wenyewe, wakiwakopesha vijana wapya kwa masharti yaleyale waliyokopeshwa wao.