Nguo ya Ukoo

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo hutolewa haraka sana kila inapozungumzwa kazi ya mikono ya kundi, kana kwamba imekwisha kuamua kesi yenyewe. Lakini ipo nguo moja inayodai kesi ifunguliwe upya, nayo ni ile wanayojifunga wanawake wa Kikuba wa Kasai, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Urefu wake hufika mita 6 na hata kupita, ikazungushwa kiunoni mara kadhaa. Imetiwa rangi, imetariziwa, imeshonewa viraka, na walioishughulikia ni wengi. Ukiitandaza yote sakafuni utaona kila kipande kina mkono wake: hapa mshono umebana, pale umelegea, hapa pembe za ruwaza zimesimama wima, na katika kipande cha pili zimelala ubavu, au zimeachwa njiani ikaanzwa ruwaza nyingine. Hakuna aliyefumua ili kusawazisha. Kinachoniridhisha kuwa sababu ya nguo hiyo kusimama pamoja na tofauti zote hizo ni jambo ambalo macho hayalioni: swali la kwamba nguo ni ya nani lilikwisha kujibiwa kabla sindano haijatungwa uzi.

Tuanze na mti, maana mti ndio uliotoa sharti la kwanza. Wakuba hufuma kwa nyuzi za mwale, ule mti wa jamii ya mnazi ambao Wapemba nao wanaujua. Uzi wa mwale hausokotwi wala hauungwi ncha kwa ncha. Huchanwa kutoka kwenye jani changa na kutumika kama ulivyo. Kwa hiyo urefu wa jani ndio mwisho wa kitambaa, na kipande kinachotoka kwenye kitanda cha mfumi mara nyingi hakifiki mita moja. Anayetaka nguo kubwa hana budi kuunga. Msukaji wa mkeka hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa naye husuka ukili mwembamba kwanza ndipo aushone ukawa jamvi. Kufuma ni kazi ya wanaume, na kitambaa chao kikitoka kitandani huwa kikavu na kigumu kama gunia, hakivaliki. Hulowekwa, kikatiwa kinuni, kikatwangwa mpaka kilainike. Mchi nao haubagui: unalainisha na unatoboa. Tundu likitokea hutiwa kiraka, na kiraka kimoja kinapokaa peke yake katikati ya kitambaa kitupu huonekana kama aibu, basi hushonewa vingine vya kukisindikiza, vya mraba, vya duara, vya umbo la mkia, mpaka asiyejua asiweze kutambua ni kipi kilichoziba tundu na ni kipi kilichowekwa kwa urembo tu. Watafiti wengi wanaona kwamba mapambo ya viraka ya Wakuba yalianzia hapo, kinuni.

Rangi na tarizi nazo hazitengani kama tulivyozoea kuzitenganisha. Sisi tunadhani kitambaa huanza kwa fundi wa rangi, kisha hupelekwa kwa mtarizi akakipambe. Kwa Wakuba sindano imo katika kazi zote mbili. Katika pindo za baadhi ya nguo, hasa za Wangeende na Wangongo, makundi mawili ya Wakuba, mwanamke hupitisha uzi kwa mishono midogo midogo, akauvuta hadi kitambaa kijikunje, kisha akakichovya katika tukula. Kikikauka huung'oa ule uzi, na kila mahali ulipokuwa umebana hubaki doa jeupe, madoa yakajipanga mstari mmoja kama nyayo za ndege mchangani. Sindano ikipita na uzi ukaondolewa, tunaita kutia rangi. Ikipita na uzi ukaachwa, tunaita kutarizi. Tukula yenyewe ni unga mwekundu wa mti wa jamii ya mninga. Mtu wa pwani aifikirie kama liwa, kwa kuwa nayo hupakwa mwilini, hupakwa maiti, na vipande vyake vilivyofinyangwa kwa nakshi hugawiwa watu msibani. Halafu kuna kazi ya kundi jingine, Washowa, iliyowapa Wakuba sifa ulimwenguni na ambayo Wazungu waliiita mahameli ya Kasai. Mtarizi huingiza uzi uliotiwa rangi chini ya nyuzi za kitambaa, huuvuta mpaka ncha ibaki fupi kuliko punje ya mchele, kisha hukata upande wa pili kwa kisu kidogo. Hafungi fundo. Kinachoushika uzi ni kubanana kwa kitambaa chenyewe. Mishono ya namna hiyo ikiwa maelfu, uso wa kitambaa huota manyoya mafupi, laini kwa mkono na yenye kivuli kinachobadilika unapokigeuza.

Kazi kama hiyo huchukua miezi, na kwa nguo kamili miaka. Wakuba huhesabu ukoo kuukeni, na vitambaa ni mali ya mlango wa ukoo. Mwanamke mzima huamua nguo ianzwe lini na nani apewe kipande gani. Binti, mpwa, shangazi na jirani wa ukoo huchukua vyao wakavishona katika nafasi wanazopata baada ya shamba na jikoni. Hakuna anayesema hii ni yangu. Na inakokwenda panajulikana. Patricia Darish, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1980, alieleza kwamba nguo hizi huhifadhiwa kwa ajili ya mazishi. Maiti huvikwa nguo za mwale moja juu ya nyingine, ukoo ukaonyesha ilichonacho hazina yake, na marehemu akazikwa nazo, kwa imani kwamba aendako jamaa zake waliomtangulia hawatamtambua akiwa amevaa kitu kingine. Hebu pima uzito wa jambo hilo. Mtu anashona kwa miaka kitu atakachovalishwa mwingine, nacho kiingie kaburini. Katika mpango kama huo hakuna faida yoyote ya kumlazimisha mwenzako ashone kama wewe, wala hasara yoyote kwako akishona vingine.

Atatokea mtu aseme kwamba natafuta falsafa mahali penye uzembe tu, na kwamba ruwaza hukatika kwa sababu washonaji hawakujua kupanga. Mwaka 1971 mwanahisabati Donald Crowe alichapisha uchambuzi wa nakshi za Wakuba kwa kipimo cha ulinganifu. Hisabati inatambua njia 7 tu za kurudiarudia ruwaza katika ukanda, na njia 17 za kuirudia katika uso mpana. Crowe alizikuta zile 7 zote kwa Wakuba, na katika zile 17 akakuta 12. Watu walioigusa mipango mingi kiasi hicho hawawezi kuambiwa kwamba mpangilio uliwapita kimo. Wanapoukatisha, wanaukatisha wakiujua.

Pingamizi la pili lina nguvu kidogo zaidi: kwamba mali ya ukoo humeza ubunifu wa mtu. Ingekuwa hivyo, ruwaza zisingekuwa na majina, na baadhi ya majina hayo ni ya waliozibuni. Mfalme mpya wa Wakuba, Nyim, alitazamiwa kutoa ruwaza yake. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamishonari walimletea mfalme pikipiki wakitarajia ashangae. Mashine haikumshughulisha, kilichomvutia ni alama ya tairi mchangani, akaamuru inakiliwe, ikaitwa kwa jina lake. Kisa hicho huenda kimekolezwa chumvi kidogo, kama visa vya wamishonari vilivyo, lakini kinaonyesha sheria inayoaminiwa: wazo lina mwenyewe anayetajwa, na kitambaa kina mwenyewe mwingine. Sisi tumezoea kuvifunga viwili hivyo katika kifurushi kimoja, ndiyo maana tunaona ajabu mtu apewe sifa ya wazo asipewe nguo.

Linalonipa shida ya kweli ni la jasho la wanawake. Ni rahisi kusifu mali ya ukoo ukiwa si wewe unayeinamia kitambaa jioni baada ya kulima, na mwanamke mzima anayegawa vipande ana mamlaka ambayo binti hawezi kuyapinga kwa urahisi. Sitalizunguka hilo. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba wenyewe walishalijibu kwa njia yao soko lilipofika. Vipande vya mraba vya mahameli, ambavyo havihitaji kuungwa na kingine, vikaanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuza, na mwanamke anayekishona huweza kukiuza na kushika fedha yake. Kazi hiyo ni ya haraka, manyoya yake mara nyingi ni machache, na ruwaza zake hurudia zile zinazopendwa na wanunuzi. Wapo wanaolia kwamba sanaa imekufa. Kwangu mimi hiyo ni haki ya mshonaji aliyetaka sabuni na karo, na inathibitisha hoja badala ya kuibomoa: mshono ni uleule, mwale ni uleule, mikono huenda ikawa ileile, ila mwenye kitambaa amebadilika, na sura ya kitambaa ikabadilika pamoja naye.

Hapo ndipo habari za Kasai zinapovihusu vikundi vya akina mama vya huku kwetu, vinavyochanganya batiki na tarizi chini ya paa moja, huyu akiyeyusha nta, yule akichovya, mwingine akisubiri kitambaa kikauke apitishe sindano. Mafunzo yao hukaza sana usawa wa kazi: mishono ilingane, rangi isitofautiane, mteja asijue nani alishona wapi. Usawa huo una maana kwa anayeuza vitambaa vya meza dazeni moja kwa mpigo. Lakini mara nyingi hutumiwa kufunika swali ambalo halijaulizwa, na kitambaa kikinunuliwa kwa bei nzuri ndipo linapoibuka: ni cha aliyechora, cha aliyechovya au cha aliyetarizi? Mwanamke wa Kikuba anayemkabidhi mpwa wake kipande na uzi wa mwale huwa amelimaliza swali hilo zamani, kwa hiyo anaweza kumwacha ashone anavyojua. Kipande kikirudi na ruwaza isiyofanana na ya jirani yake, hukiunga palepale na kupiga pindo.